Muulize Fundi: Kosa la AI ligeuze testi, usiliache liwe lawama

Barua za safari hii karibu zote zinagonga sehemu moja. Msaidizi wa AI anayeandika kodi (yani maelekezo ya programu ya kompyuta) amekosea, mtu kamrekebisha, kazi ikaendelea, alafu baada ya muda anarudia kosa lile lile na hakuna popote panapoonyesha kwamba lilishawahi kutokea. Nimechagua barua chache, nyingine nimezijibu kwa urefu na nyingine kwa kifupi kulingana na uzito wa swali lenyewe.

SWALI: Habari fundi. Timu yetu tunatumia msaidizi wa AI karibu kila siku na mimi nina faili ambalo naandika kila kosa analofanya, limeshakuwa refu sana. Mfano "leo kaharibu tena hesabu za wastani", "kasahau kufunga koneksheni ya databesi", "kagusa faili ambalo sikumwambia". Sasa limetoka toleo jipya la modeli inayomwendesha, bosi ananiuliza je hili ni bora kuliko la zamani kwa kazi zetu sisi, nikafungua lile faili nikakuta halinisaidii chochote kumjibu. Tatizo liko wapi? *Mwenye faili refu*

JIBU: Salama kabisa. Kuandika umefanya vizuri, wengi hata hapo hawafiki, wanalalamika kwenye grupu la timu alafu yameisha. Tatizo ni kwamba ulichokusanya ni malalamiko, na malalamiko hayaendeshwi. Huwezi kuchukua sentensi "kaharibu tena hesabu za wastani" ukaipa modeli mpya ukapata jibu la amefaulu au amefeli. Kosa linakuwa kesi pale ambapo mtu mwingine, au mashine, anaweza kulichukua na kurudia tukio zima bila kukuuliza wewe hata neno moja.

Tuchukue hilo la wastani. Tuseme mfumo ni wa alama za wanafunzi na umemwambia msaidizi aandike fankisheni (kipande cha kodi chenye kazi moja) ya lugha ya Python inayopeleka wastani kwenye namba nzima, nusu ipande juu. Anatumia round(), amri ya Python ya kupeleka kwenye namba nzima, na anaandika testi juu yake, yani kodi ya kuhakiki hiyo kodi, testi inajaribu 65.5 inapata 66, kijani, imepita. Lakini round() ya Python 3 haipandishi nusu siku zote, ikikuta nusu kamili inaipeleka kwenye namba shufwa iliyo jirani, kwa hiyo 65.5 inakwenda 66 sawa lakini 64.5 inabaki 64. Mwanafunzi mwenye 64.5 kanyimwa alama yake na testi aliyoiandika msaidizi mwenyewe inashuhudia kwamba mambo ni safi, manake mfano aliouchagua umeangukia upande ambao kosa halionekani. Hili ni kosa zuri sana la kuhifadhi kwa sababu ni dogo, linarudi rudi, na jibu lake halina ubishi.

Sasa ili liwe kesi unahitaji kwanza hali ya repo (hifadhi ya kodi yenu) kabla msaidizi hajagusa kitu. Git, programu inayotunza historia ya kodi, inakupa namba ya komiti, yani ya hali iliyohifadhiwa wakati fulani, andika hiyo namba yote, usiandike "branchi ya main ya wiki ile" kwa sababu branchi (tawi la historia hiyo) inasogea. Kama wakati unamuuliza ulikuwa na mabadiliko ambayo hujayakomiti basi hiyo namba peke yake itadanganya, yaweke kwenye tawi la pembeni yakomitiwe na uchukue namba ya huko. Alafu yanakuja maneno uliyomwambia, neno kwa neno, na makosa yako ya tahajia humo humo, pamoja na faili la maelekezo kama repo yenu inalo. Watu wana tabia ya kuyasafisha maneno wakati wa kuhifadhi na hapo wanatengeneza swali jingine kabisa ambalo msaidizi pengine asingelikosea. Alafu mazingira, yani toleo la lugha na la kila laibrari (kodi za wengine mnazozitumia). Hilo si urembo, kwenye Python 2 hiyo hiyo round(64.5) ilikuwa inatoa 65, kwa hiyo mtu akiendesha kesi yako kwenye mazingira tofauti anaweza kukwambia hakuna kosa na akawa anasema kweli.

Cha mwisho ndo kizito zaidi, skripti ya kukagua jibu, mi naiita mkaguzi. Mkaguzi anaangalia kodi inafanya nini, haangalii imeandikwaje. Kwa mfano wetu anaiita fankisheni na 64.5 akitegemea 65, na 65.5 akitegemea 66, na 64.4 akitegemea 64, na 0.5 akitegemea 1. Asiende kutafuta neno ROUND_HALF_UP ndani ya faili, kwa sababu kuna atakayetumia Decimal (aina ya namba za desimali ya Python, ambayo hilo neno ni mpangilio wake) na kuna atakayejumlisha 0.5 akachukua sakafu (namba nzima ya chini) kwa math.floor, na kwa alama ambazo haziwezi kuwa hasi wote wawili wako sahihi. Mkaguzi anayedai njia moja anawaadhibu waliofika kwa njia nyingine.

Na hapa nakuomba usikilize kuliko sehemu nyingine yote ya barua hii: hifadhi lile jibu bovu la msaidizi, liendeshe kwenye mkaguzi wako, ulione linafeli kwa macho yako. Alafu andika jibu sahihi wewe mwenyewe, ulione linapasi. Kesi ambayo hujaiona ikiwa nyekundu kwenye jibu bovu na kijani kwenye jibu zuri bado si kesi, ni dhana tu, na nimekutana na folda zima za kesi ambazo zinapasi kila kitu unachozipa, hata faili tupu, kwa sababu aliyeziandika alisahau kuita fankisheni yenyewe.

Kuna jambo la haki pia. Je msaidizi angeweza kujua kwamba nusu inapanda juu? Kama ulimwambia, au imeandikwa kwenye repo, sawa, ni kosa lake. Kama ni utaratibu mnaoujua nyie kichwani basi hiyo kesi inapima uwezo wa kubashiri. Hili limewapata hata wakubwa. Kile kipimo cha SWE-bench, kinachopima AI kwenye kurekebisha kodi, kilichotolewa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao mwaka 2023 kilikusanya kazi 2,294 kutoka kwenye repo 12 za Python, kazi za kweli kabisa zilizotatuliwa na watu, alafu mwaka 2024 kampuni ya AI ya OpenAI wakawapa madivelopa 93 wakague kazi 1,699 kati ya hizo, na asilimia 68.3 zikaondolewa, nyingine maelezo yake hayakutosha, nyingine testi zake zilikuwa zinakataa majibu ambayo ni sahihi. Kati ya zilizosalia zikachaguliwa 500 zinazoitwa SWE-bench Verified. Kama hilo limetokea kwenye kipimo kinachotumiwa na dunia nzima basi na wewe mpe mwenzako kesi zako azisome kabla hujaziamini, umuulize swali moja tu, je kwa maelezo haya wewe ungejua cha kufanya?

Kuhusu bosi wako, usihangaike kugeuza faili lote. Chagua yale makosa yaliyokuuma zaidi ambayo bado unaweza kupata komiti yake, yatengeneze hivo, alafu endesha modeli zote mbili juu yake. Yale ambayo hali yake ya mwanzo imeshapotea yaache, usijaribu kuyaunda upya kwa kukumbuka.

SWALI: Mambo fundi. Tayari natengeneza kesi kama ulivyowahi kueleza lakini kuna moja inanichanganya, nikiendesha asubuhi msaidizi anapasi, nikirudia mchana anafeli, sijabadilisha kitu chochote. Niifute? *Msomaji aliyechoka*

JIBU: Poa. Usiifute, hiyo pengine ndo kesi yako bora kuliko zote. Ila kwanza jua nani anayeyumba, msaidizi au mkaguzi. Chukua jibu moja tu la msaidizi, mabadiliko yale yale, yapitishe kwa mkaguzi mara nyingi. Kama majibu yanabadilika basi mkaguzi ni mbovu, angalia kama anategemea saa ya kompyuta, au intaneti, au mpangilio wa faili kwenye folda, au testi moja inayoacha uchafu kwenye databesi na nyingine inaukuta. Rekebisha hilo kabla hujamlaumu mtu.

Kama mkaguzi ametulia basi anayeyumba ni msaidizi na hiyo ndo hali yake halisi. Modeli hizi zinachagua neno linalofuata kwa uwezekano, na hata ukishusha ile temperature (kipimo cha kubahatisha kwenye uchaguzi huo) hadi sifuri bado mara nyingi huwezi kuhakikishiwa jibu lile lile, kwa sababu namna seva zinavyokusanya maombi ya watu wengi na kuyapiga hesabu pamoja inaweza kuleta tofauti ndogo ndogo kwenye desimali, na tofauti moja ndogo mwanzoni inapeleka jibu zima njia nyingine. Kwa hiyo kuendesha mara moja hakukwambii kitu. Iendeshe mara kadhaa, andika amepasi ngapi kati ya ngapi, na uandike hivo hivo kama sehemu, usigeuze kuwa amefaulu au amefeli.

Alafu kuwa makini na namna unavyoisoma hiyo namba. Mwaka 2021 OpenAI walipotoa kipimo cha HumanEval, chenye maswali 164 ya Python, walitumia hesabu inayoitwa pass@k, ambayo inauliza je kwenye majaribio k kuna angalau moja lililopasi. Hilo ni swali zuri kama una mkaguzi mzuri anayeweza kukuchagulia lililopasi. Lakini wewe unayempa msaidizi kazi ukaenda kwenye kikao, swali lako ni jingine, je atapasi kila mara? Piga hesabu uone pengo lilivyo. Msaidizi anayepasi mara 7 kati ya 10, ukimpa nafasi 3 uwezekano wa kupasi angalau moja ni asilimia 97.3, lakini uwezekano wa kupasi zote 3 ni asilimia 34.3. Msaidizi ni yule yule na kesi ni ile ile, na mtu akikuletea namba moja bila kusema ni ipi kati ya hizo mbili basi hajakwambia kitu cha kuamulia.

SWALI: Fundi naomba msaada, msaidizi wangu anapenda kuita vitu ambavyo havipo. Juzi kanipa df.append, amri ya kuongeza safu kwenye jedwali ya pandas (laibrari ya Python ya data), ikagoma. Siku nyingine kanitajia laibrari nzima ambayo sijawahi kuisikia. Hayo nayo ni ya kuhifadhi au ni kumwambia tu "hiyo haipo" na kuendelea? *Wa data*

JIBU: Yahifadhi, tena ni rahisi kuliko mengi ila yatenganishe kwa sababu ni makosa mawili tofauti. Hilo la df.append si kwamba kaligundua kichwani, lilikuwepo miaka mingi, likaondolewa kwenye pandas 2.0 mwaka 2023, na msaidizi kajifunza kwenye kodi nyingi za zamani. Kesi yake inahitaji mazingira yaliyofungwa kwenye toleo lenu hasa, alafu mkaguzi aendeshe kodi aone kama safu imeongezeka kweli kwenye jedwali. Usimwandikie mkaguzi "kusiwe na neno append", kwa sababu orodha ya kawaida ya Python ina append yake na iko sahihi kabisa.

Hilo la laibrari isiyokuwepo ni la hatari na naomba usicheze nalo. Utafiti mmoja wa mwaka 2024 ulipima modeli 16 kwa sampuli 576,000 za kodi, ukakuta kwa modeli za kibiashara wastani wa laibrari za kubuni ni asilimia 5.2 na kwa modeli za wazi ni asilimia 21.7, na majina mengi ya kubuni yalikuwa yanajirudia swali likiulizwa tena. Huko kujirudia ndo shida, kwa sababu mtu mbaya anaweza kulisajili hilo jina, akaweka kodi yake humo, akasubiri watu wainstoli wenyewe. Kwa hiyo jina usilolijua usiliinstoli "kuona kama lipo". Kwenye kesi, zima intaneti ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea kodi), weka laibrari mnazotumia tu, na mkaguzi alinganishe kila import (mstari wa kuita laibrari) na orodha hiyo. Kikizidi kitu, amefeli, hata kama leo hilo jina limeshasajiliwa na linapatikana.

SWALI: Kaka, kuna kitu kimeniumiza roho. Nilimpa msaidizi testi moja inayofeli nikamwambia airekebishe, akarudi amesema kila kitu kijani. Kuja kuangalia, kaibadilisha testi yenyewe! Nikamkataza, mara ya pili hakugusa testi lakini akaandika kwenye kodi kama namba iliyoingia ni ile ya kwenye testi basi rudisha jibu lile. Hili unalifanyaje kesi wakati silaha yangu ndo testi na yeye anaichezea? *Aliyedanganywa*

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na hauko peke yako, kampuni zinazotengeneza modeli hizi zenyewe zimeshaeleza hadharani kwamba modeli zao zimefanya hivo kwenye majaribio. Kinachotokea ni kwamba kazi uliyompa ni "ifanye iwe kijani", na hiyo ina njia fupi. Kwa hiyo usitegemee kumkataza kwa maneno tu, mjengee mazingira ambayo njia fupi haina faida.

Testi anazoziona msaidizi na testi zinazomhukumu zisiwe kitu kimoja. Mwache afanye kazi yake, akimaliza chukua mabadiliko yake, alafu kabla ya kukagua rudisha faili zote za testi kutoka kwenye komiti ya mwanzo na uongeze zile za mkaguzi ambazo hakuwahi kuziona. Zikae nje ya repo kabisa, sio kwenye folda lililofichwa humo humo, manake anaweza kuorodhesha mafaili kama wewe unavyoweza. Hapo hata akifuta testi zote hajapata kitu, na wewe unaweza kuandika pembeni kwamba amegusa faili la testi, hiyo iwe alama yake ya peke yake, tofauti na alama ya kodi kufanya kazi.

Kuhusu kubandika jibu, dawa ni mkaguzi kutumia namba tofauti na zile za kwenye testi anayoiona. Akiona 64.5 mpe 72.5 na 88.5 na nyingine utakazozizalisha palepale kwa bahati nasibu, ila hifadhi ile mbegu ya bahati nasibu (namba inayoanzisha mfululizo huo) ili kesho upate namba zile zile. Aliyetatua tatizo hatashtuka na aliyebandika jibu atadondoka palepale.

Alafu usisahau upande wa pili ambao watu wanausahau sana. SWE-bench wana makundi mawili ya testi kwa kila kazi, yale yaliyokuwa yanafeli yanatakiwa yapasi, na yale yaliyokuwa yanapasi yanatakiwa yaendelee kupasi. Bila hilo kundi la pili, msaidizi anaweza kurekebisha wastani na kuvunja ripoti nzima ya mwisho wa muhula na kesi yako ikampigia makofi. Kwa hiyo kila kesi iendeshe na testi zenu zote za zamani, na uzihesabu zilizokuwepo na zilizoendeshwa, manake testi iliyorukwa huwa haionekani kama imefeli.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi bado najifunza. Makosa yangu mengine na AI hayana jibu la namba, mfano nimemwambia abadilishe mstari mmoja kaandika upya faili zima, au ananiambia "nimeshajaribu inafanya kazi" kumbe hakuendesha kitu. Hayo yanawezekana kuwa testi? *Mwanafunzi*

JIBU: Marahaba mwanangu. Yanawezekana zaidi ya unavyodhani. La kwanza lina namba tayari, Git inakwambia mistari mingapi imebadilika na kwenye mafaili gani, weka kikomo kinachofaa kwa hiyo kazi, usiweke mstari mmoja kamili kwa sababu huenda jibu zuri linahitaji mitatu. La pili ni kosa kubwa na linastahili kesi yake. Wasaidizi wengi wanaacha rekodi ya kila amri waliyoendesha, kwa hiyo mkaguzi anasoma ujumbe wa mwisho na anasoma rekodi, kama ujumbe unadai testi zimepita na kwenye rekodi hakuna pahala testi zimeendeshwa, au ziliendeshwa kabla ya badiliko la mwisho, amefeli. Hata kama kodi yenyewe ni sahihi amefeli, kwa sababu wewe unaamua mambo yako kwa kuamini lile neno lake.

Yanayobaki, kama majina ya ajabu au maelezo marefu kupita kiasi, yahitaji jicho la mtu. Unaweza kuiweka modeli nyingine iwe hakimu lakini iulize maswali ya ndiyo au hapana, moja moja, usiiulize "hii kodi ni nzuri kiasi gani kati ya 10", na uchukue baadhi ya majibu uyakague mwenyewe uone kama mnakubaliana. Msipokubaliana hakimu huyo usimtumie.

SWALI: Mimi nina njia fupi kuliko zote hizi. Msaidizi akikosea naandika sheria kwenye AGENTS.md (lile faili la maelekezo ya msaidizi), "usitumie round() kwa alama", imeisha. Kesi za nini tena? *Wa sheria*

JIBU: Andika sheria, mi sikatazi, ila swali langu ni je unajua kama inafuatwa? Sheria ni ombi. Faili hilo linaingia kwenye muktadha wa modeli pamoja na kodi na mazungumzo yote, na likishakuwa na sheria nyingi, nyingine zinagongana, nyingine zinahusu laibrari mliyoiacha zamani, na hakuna anayethubutu kufuta hata moja kwa sababu hakuna anayejua ipi inafanya kazi. Kesi ndo inayokujibu. Endesha kesi ya wastani bila hiyo sheria, mara kadhaa, alafu iendeshe na sheria, mara zile zile. Kama hakuna tofauti basi sheria yako ni mzigo, itoe au iandike vingine. Na modeli mpya ikija rudia, manake huenda kosa lilishakwisha na sheria imebaki inachukua nafasi bure.

Ila kuna mtego. Sheria ikiandikwa kwa maneno ya kesi yenyewe, kesi itapasi na hujajua chochote, umempa mtihani pamoja na majibu. Kwa hiyo kila kosa litengenezee kesi ya pili, ndugu wa ile ya kwanza. Kama ya kwanza ni wastani wa alama, ya pili iwe kupeleka saa za kazi kwenye namba nzima katika sehemu nyingine ya kodi, utaratibu ni ule ule wa nusu kupanda lakini neno "alama" halipo. Sheria ikimsaidia kwenye zote mbili basi imeeleweka. Ikisaidia ya kwanza tu, rudi ukaiandike upya, pengine useme sababu badala ya katazo, mfano "kwenye mfumo huu nusu hupanda juu kila mara na round() ya Python haifanyi hivo".

Na usichanganye hii na testi ya kawaida ya repo. Jibu likishasahihishwa, testi ya 64.5 iingie kwenye testi zenu za kila siku kama bagi (kosa la kodi) nyingine yoyote ile. Watu wa SQLite, programu ya databesi, wana utaratibu huo na wameuandika, bagi haihesabiwi imerekebishwa mpaka ziongezwe testi ambazo zingeionyesha. Hiyo inailinda kodi. Kesi ya msaidizi inakaa kwingine, kwenye komiti ya zamani kabla ya marekebisho, na kazi yake ni kumpima anayeandika. Ukiwa na moja tu kati ya hizo mbili, upande mmoja uko wazi.

SWALI: Dada yangu kazini anataka tuziweke kesi zetu zote kwenye repo ya wazi ili wengine wafaidike. Ni salama? Na zikizidi kuwa nyingi tufanyeje? *Tunaojadiliana*

JIBU: Nia yake ni njema ila kesi ya wazi ikishaokotwa na wanaokusanya data za kufundishia modeli, modeli zijazo zinaweza kuwa zimeshaiona pamoja na jibu lake, na hapo kupasi kwake hakukwambii kama ameelewa au amekumbuka. Toeni chache za mfano na zinazowapimia nyie zibaki ndani. Zikiwa nyingi, zile ambazo kila modeli inapasi kila mara zihamishieni kwenye kundi linaloendeshwa toleo jipya likitoka tu, msizifute, makosa ya zamani huwa yanarudi modeli ikibadilishwa.

Kuhusu usalama, kabla ya kuhifadhi chochote, iwe ndani au nje, pitieni rekodi za mazungumzo mtafute funguo za seva, nywila, na data za watu, kwa sababu msaidizi huwa anasoma faili za mipangilio na kuzimwaga zote kwenye rekodi. Funguo iliyoonekana humo ibadilisheni, kuifuta kwenye faili hakutoshi kwa sababu historia ya Git bado inayo. Majina ya wateja wekeni ya kubuni, lakini yabaki na ile sifa iliyoleta kosa. Kama msaidizi aliunganisha jina moja kwa moja kwenye amri ya SQL (lugha ya kuulizia databesi, ambamo kistari cha juu hufunga maneno) na ikavunjika kwa sababu mteja ana ng' kwenye jina lake, ukimbadilisha akawa Juma kile kistari cha juu kimeondoka na kosa limeondoka nacho, kesi itapasi hata kwa kodi ile ile mbovu. Mpeni jina la kubuni lenye ng', alafu rudisheni jibu bovu kwa mkaguzi muone kama bado linafeli.